Kufundisha Kijerumani Katika Afrika ya Mashariki ya Kidachi, 1892–1916

Katika historia ya lugha ya Kiswahili, utawala wa Wajerumani katika Tanganyika hutajwa mara nyingi kwa upande mmoja tu. Husemwa kwamba Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na watu wa siku zile, walikikuta Kiswahili katika miji ya pwani, wakakitumia ofisini na shuleni, na hivyo wakakifikisha mahali pengi pa bara ambako hapo kwanza kilijulikana na watu wa misafara tu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Kila lugha inapopewa kazi, iko nyingine inayonyimwa kazi hiyo. Iliyonyimwa hapa ilikuwa ni lugha ya wenye nchi kwa nguvu, yaani Kijerumani chenyewe. Kwa hiyo, ili kufahamu jinsi Kiswahili kilivyopata cheo chake, yapasa kuuliza pia Kijerumani kilifundishwaje, kilifundishwa kwa nani, na kwa sababu gani hakikufundishwa kwa wengi.

Jibu lipatikanalo upesi ni kwamba Kijerumani ni lugha ngumu na walimu walikuwa haba. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, lakini halitoshi. Katika Togo na Kamerun, zilizotawaliwa na Wajerumani wale wale katika miaka ile ile, Kijerumani kilifundishwa kwa bidii na kwa amri ya serikali. Walimu hawakuwa wengi huko pia, na sarufi haikuwa nyepesi zaidi. Tofauti ilikuwa katika mambo mawili. Kwanza, katika Afrika ya Mashariki palikuwa na lugha iliyokuwa tayari kushika kazi. Pili, wengi katika watawala waliona kwamba Mwafrika ajuaye Kijerumani ni mtu wa kuangaliwa kwa hadhari kuliko yule asiyekijua.

Watawala wajifunza kwanza

Mambo yalianza Berlin kabla ya kuanza Tanga. Mwaka 1885 Kaisari alitoa hati ya ulinzi kwa ajili ya nchi zilizodaiwa na kampuni ya Carl Peters. Miaka miwili baadaye, mwaka 1887, Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin, kikaambatanishwa na Chuo Kikuu cha mji huo. Mkuu wake alikuwa Eduard Sachau, mtaalamu wa Kiarabu na lugha za jamii yake. Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa lugha za chuo hicho, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa Carl Büttner, ambaye zamani alikuwa mmisionari katika nchi ya Waherero. Baada ya Büttner kufa mwaka 1893, kazi ilishikwa baadaye na Carl Velten, aliyekuwa amekaa Afrika ya Mashariki katika utumishi wa serikali.

Mpango wa mafundisho ulikuwa wa watu wawili. Mwalimu Mjerumani alieleza sarufi kwa Kijerumani, na mwenyeji wa Afrika ya Mashariki aliwazoeza wanafunzi kusema na kusoma. Katika wenyeji hao walikuwamo Sleman bin Said na Amur bin Nasur, waliotoka Unguja, na baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900. Kazi yao ya maandishi yajulikana vema kwa wasomi. Amur bin Nasur alieleza kwa Kiswahili habari za maisha yake na mambo ya Berlin, na maelezo hayo yalitolewa na Büttner katika mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari ndiye aliyekuwa mshiriki mkuu wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten mwaka 1903. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba watu hawa, huku wakifundisha Kiswahili, ilibidi wajifunze Kijerumani bila shule. Walikipata sokoni, katika nyumba walimopanga, na katika midomo ya wanafunzi wao wenyewe. Basi mlango wa kwanza wa Kijerumani kwa watu wa pwani haukuwa darasa la Kijerumani, bali lilikuwa darasa la Kiswahili.

Vitabu navyo vilifuata njia hiyo. Walter von Saint Paul Illaire, aliyekuwa mtumishi wa serikali huko Tanga, alitoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1890. August Seidel alitoa chake mwaka 1900, na Velten alitoa sarufi yake mwaka 1904. Vyote vilikuwa vya kumwezesha Mjerumani aseme na Mwafrika. Hesabu hiyo yaonyesha nia kuliko hotuba yo yote: serikali ilikuwa imeamua kwamba taabu ya kujifunza lugha ya kigeni itakuwa juu ya afisa, si juu ya raia. Rechenberg, aliyekuwa gavana kuanzia mwaka 1906 hata 1912, alikijua Kiswahili vizuri, kwa kuwa alikwisha kutumikia ubalozi wa Kijerumani Unguja.

Shule ya Tanga

Serikali ya Kaisari ilishika nchi yenyewe mwaka 1891, ikaiondoa mikononi mwa kampuni. Gavana wa kwanza, Julius von Soden, alikuwa amehamishwa kutoka Kamerun, ambako shule ya serikali ilikuwa imekwisha kufunguliwa katika wakati wake. Naye alitaka shule ya namna hiyo pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1892 na 1893, kwa msaada wa Chama cha Makoloni cha Wajerumani, mwalimu aitwaye Barth alifika Tanga na shule ikaanzishwa. Haikuwa shule ya dini, kwa sababu watoto wa mjini walikuwa Waislamu, na wazazi wasingaliwatoa watoto wao kwa ajili ya mafundisho ya Kikristo. Jambo hilo liliwachukiza wamisionari wengi, waliosema kwamba fedha za serikali ya Kikristo zinatumika kuulea Uislamu.

Shabaha ya shule ilikuwa ya kazi: kupata makarani, wakalimani, watu wa forodha na posta, na baadaye walimu na maakida. Ilidhaniwa kwamba watu hao watahitaji Kijerumani. Lakini mara ilionekana kwamba mafundisho hayawezi kuanza kwa lugha ambayo mtoto hajapata kuisikia. Herufi na hesabu zilipaswa kufundishwa kwa Kiswahili kwanza. Tena karani aliyehitajiwa na Bwana Shauri wa wilaya hakuwa mtu wa kuwaandikia wakubwa wa Dar es Salaam kwa Kijerumani. Alikuwa mtu wa kuwaandikia majumbe, kupokea barua zao, kuandika kodi na kusoma amri mbele ya baraza. Barua hizo zilikuwa za Kiswahili tangu zamani. Kilichobadilika ni herufi tu. Kabla ya hapo barua za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Büttner alikwisha kutoa mkusanyo wa barua kama hizo mwaka 1892. Sasa serikali ilitaka herufi za Kilatini, na shule ikawa mahali pa kuzifundisha.

Baada ya mwalimu Blank kufika Tanga katika mwaka 1897, shule ilipangwa upya na kukua. Palikuwa na mafundisho ya ufundi, na palikuwa na mtambo wa kupiga chapa. Kutoka mtambo huo lilitoka gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kuendelea hata mwaka 1916. Vijana waliotoka Tanga walipelekwa mahali pengi kuwa walimu wa shule ndogo za serikali. Mpango uliofuatwa ulikuwa wa ngazi mbili. Shule ndogo za bara zilifundisha kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili. Katika shule kubwa, Kijerumani kilifundishwa kama somo katika madarasa ya juu, kwa wanafunzi waliochaguliwa. Kwa hiyo Kijerumani hakikuwa lugha ya shule. Kilikuwa somo moja la wachache, mwisho wa njia ambayo wengi hawakuimaliza.

Hesabu za karibu na Vita Kuu ya Kwanza zaonyesha udogo wa jambo hilo. Mwaka 1914 shule za serikali zilikuwa yapata 100, na wanafunzi wake yapata 6,000. Shule za misioni zilikuwa zaidi ya 1,800, na wanafunzi wake walipita 150,000. Shule hizo za misioni zilifuata njia zao. Walutheri wa Leipzig katika Kilimanjaro, na Bruno Gutmann miongoni mwao, waliipenda lugha ya wenyeji, Kichaga. Misioni ya Kiingereza ya Universities' Mission ilikuwa imefuata Kiswahili tangu wakati wa Askofu Steere. Wengine walichanganya lugha ya kabila na Kiswahili. Kijerumani kilikuwamo pia, lakini hakikuwa msingi. Basi hata wote waliosoma Kijerumani wakijumlishwa, walikuwa kundi dogo sana katika nchi iliyokadiriwa kuwa na watu milioni saba na nusu.

Somo lenyewe

Si haki kusema kwamba Kijerumani hakikuwezekana kufundishwa pwani. Zikilinganishwa lugha hizi mbili, yaonekana kwamba palikuwa na vizuizi vya kweli, lakini vya kawaida.

Kizuizi cha kwanza ni umbo la silabi. Neno la Kiswahili hupenda kumalizika kwa vokali, na konsonanti hazilundikani. Kijerumani kina maneno kama Herbst na Strumpf, ambamo ulimi hupita konsonanti tatu au nne bila pumziko. Kadhalika vokali zinazoandikwa ö na ü hazimo katika Kiswahili. Kwa upande mwingine, kijana wa pwani alikuwa na faida ambayo mwanafunzi Mwingereza hana. Aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani alikwisha kuizoea sauti ya kh, na kwa hiyo neno kama Buch halikumshinda.

Kizuizi cha pili ni jinsi za majina. Mswahili amezoea ngeli, tena ngeli nyingi kuliko jinsi tatu za Kijerumani, na amezoea kwamba jina hutawala maneno yanayolifuata. Katika jambo hilo alikuwa karibu na Kijerumani kuliko Mwingereza. Lakini ngeli ya Kiswahili kwa kawaida huonekana katika jina lenyewe au katika mapatano yake, na mara nyingi ina maana inayoweza kukisiwa. Jinsi ya Kijerumani mara nyingi haionekani katika jina wala haikisiki. Kijiko, Löffel, ni cha jinsi ya kiume. Uma, Gabel, ni wa jinsi ya kike. Kisu, Messer, si cha kiume wala cha kike. Vyombo vitatu vya sahani moja vyahitaji vitangulizi vitatu mbalimbali, navyo hubadilika tena kwa hali nne za jina. Hakuna njia ila kukariri kila jina pamoja na kitangulizi chake. Kukariri hakukuwa jambo geni kwa mtoto aliyefunzwa Kurani.

Kizuizi cha tatu ni mahali pa kitenzi. Katika sentensi tegemezi ya Kijerumani kitenzi husukumwa hata mwisho, na msikilizaji hungoja. Katika Kiswahili kitenzi hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, na huja mapema. Hili ndilo jambo linalohitaji mazoezi ya muda mrefu, nayo mazoezi hayapatikani kitabuni peke yake.

Tena kuna jambo lisilo la sarufi tu. Kijerumani kina njia mbili za kumwita msikilizaji: Sie kwa heshima, na du kwa mtu wa karibu, au mtoto, au mtu wa chini. Mwanafunzi hana budi kufundishwa ni ipi amwambie mwalimu. Akiisha kujifunza hilo, aweza kupima mara moja ni ipi anayoambiwa yeye. Kiswahili kilimficha mwanafunzi kipimo hicho. Kijerumani kilikiweka mkononi mwake.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko vyote hakikuwa katika sarufi. Lugha ya kigeni hushika mizizi pale mwanafunzi anapopata wa kusema naye. Wazungu wote katika koloni mwaka 1913 hawakufika 5,500, na si wote waliokuwa Wajerumani. Waliokuwapo walikuwa wametawanyika katika nchi ya karibu kilomita za mraba milioni moja. Wengi wao walisema na watu wao kwa Kiswahili, kwa sababu hicho ndicho walichofunzwa Berlin au walichokiokota njiani. Mwanafunzi wa Tanga akitoka darasani na sentensi yake ya Kijerumani, alijibiwa kwa Kiswahili.

Mashaka ya watawala

Hapo ndipo mfano wa Togo na Kamerun unapokuwa na faida. Katika pwani ile ya magharibi lugha iliyowatangulia Wajerumani ilikuwa Kiingereza: Kiingereza cha wafanya biashara, cha misioni, na kile kilichovunjikavunjika cha masoko. Kuiacha lugha hiyo iendelee kulimaanisha kuuacha ushawishi wa dola nyingine. Kwa hiyo mwaka 1905 serikali ya Togo iliamuru kwamba shuleni, mbali na lugha ya wenyeji, lugha pekee iruhusiwayo ni Kijerumani, na misioni zilipewa fedha kwa kadiri ya mafanikio ya wanafunzi katika lugha hiyo. Kamerun ilipata sheria yake ya shule mwaka 1910. Katika Afrika ya Mashariki Kiswahili hakikuwa lugha ya dola shindani. Kilitumiwa na maliwali, maakida, askari na wachukuzi, na kilifika Tabora na Ujiji kabla ya bendera ya Kijerumani. Kukifukuza kungaligharimu fedha bila kumwondoa adui ye yote.

Hata hivyo Kiswahili kilikuwa na maadui. Katika Mkutano wa Makoloni uliofanyika Berlin mwaka 1905, watu wa misioni walisema kwa ukali juu ya kuenea kwa Uislamu, na Kiswahili kilishutumiwa kuwa ni chombo chake. Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu, hakutaka kitupwe. Alishauri kiandikwe kwa herufi za Kilatini na maneno ya Kiarabu yapunguzwe ndani yake. Katika mwaka ule ule Vita vya Maji Maji vilianza kusini, na watu wa makabila mengi waliungana. Hofu ya Uislamu haikwisha. Mwaka 1913 Gavana Schnee alipeleka maswali kwa maafisa wa wilaya juu ya kuenea kwa dini hiyo.

Ingedhaniwa kwamba hofu hiyo ingekifungulia Kijerumani mlango. Haikuwa hivyo, kwa sababu hofu ya pili iliizuia ya kwanza. Walowezi na maafisa wengi waliogopa matokeo ya kumfundisha Mwafrika lugha yao. Kiswahili kilikuwa kama ukuta wenye dirisha: amri zilipita kwenda nje, na maombi yalipita kuja ndani, lakini mazungumzo ya mabwana wenyewe kwa wenyewe yalibaki ndani. Ajuaye Kijerumani angesikia yanayosemwa mezani, angesoma magazeti ya Ujerumani, na angejua kwamba Berlin kuna Bunge ambamo matendo ya magavana yanahojiwa.

Hofu hiyo haikuwa ndoto. Katika Kamerun wakuu wa Akwa, wa kabila la Waduala, walipeleka mashtaka yao kwa Bunge la Ujerumani mwaka 1905 juu ya utawala wa Gavana Puttkamer. Baadaye Rudolf Duala Manga Bell, aliyesoma Ujerumani, aliongoza upinzani juu ya kunyang'anywa kwa ardhi ya Waduala mjini Duala, naye alitumia njia ya maombi na ya sheria. Alinyongwa tarehe 8 Agosti 1914. Watu wa Afrika ya Mashariki hawakukosa malalamiko, bali njia ya kuyafikisha. Malalamiko yao yalipita kwa akida na kwa Bwana Shauri, kwa Kiswahili, na mara nyingi yaliishia hapo, kwa kuwa msikilizaji ndiye aliyekuwa mlalamikiwa.

Kwa hiyo kukitukuza Kiswahili na kukificha Kijerumani yalikuwa mambo mawili ya shauri moja. Serikali haikukichagua Kiswahili kwa kuwa ilikipenda, wala haikukataa kufundisha Kijerumani kwa kuwa iliwaona watu hawana akili ya kujifunza. Ilitaka lugha ya kuwafikia watu wote, na wakati huo huo ilitaka umbali kati ya mtawala na mtawaliwa. Kiswahili kilitimiza mahitaji yote mawili.

Waliojifunza

Wale wachache waliojifunza Kijerumani sana walipambana na mpaka wa pili, uliokuwa nyuma ya ule wa lugha. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliishi Berlin, alifundisha huko, na mwaka 1904 alioa mke Mjerumani. Mwaka 1905 walisafiri pamoja kwenda Afrika ya Mashariki. Walipofika Dar es Salaam serikali haikuwaruhusu kushuka kama mume na mke, wakarudi Ujerumani. Baadaye Mtoro alifundisha Hamburg, katika Chuo cha Makoloni pamoja na Meinhof, kuanzia mwaka 1909 hata 1913, na maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa Ujerumani, ambako aliwahutubia watu juu ya Afrika. Alifariki mwaka 1927. Mtu huyu alifanya yote ambayo mafundisho ya lugha ya kigeni hukusudia: aliijua lugha, aliishi katikati ya wenyewe, alioa kwao. Lakini nchi aliyozaliwa, kwa kuwa ilikuwa chini ya watu hao, ilimfungia bandari.

Mdachi bin Sharifu alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1913. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, alisema hadharani huko Ujerumani juu ya ubaya wa utawala wa Kijerumani katika nchi yake, wakati ambapo wenye makoloni walikuwa wakidai warudishiwe nchi hizo. Hilo ndilo jambo waliloliogopa walowezi: Mwafrika aelezaye mambo ya makoloni mbele ya Wajerumani, nchini kwao.

Wa tatu ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa serikali. Alijua Kijerumani tangu utotoni, na akiwa bado mtoto alitumikia jeshi la Kijerumani katika Vita Kuu. Alifika Berlin mwaka 1929, akadai mshahara wa vita ambao baba yake na yeye hawakulipwa, asifanikiwe. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani, aliigiza katika filamu, na alisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kile kile cha Sleman bin Said na Amur bin Nasur. Chini ya serikali ya Kinazi alikamatwa mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944. Maisha yake ni onyo kwa kila anayesema kwamba kuijua lugha ya mwenye nguvu kwatosha kumfanya mtu awe mwenzi wake.

Yaliyobaki

Vita vilikomesha kazi ya shule. Tanga ilitwaliwa na Waingereza mwezi wa Julai 1916, na mwaka huo Kiongozi likakoma. Kijerumani kiliondoka pamoja na wenyewe, kikaacha maneno machache sana katika Kiswahili. Mawili ndiyo yajulikanayo zaidi. Neno shule latokana na Schule; huko Unguja, ambako Wajerumani hawakutawala, watu walichukua skuli kutoka Kiingereza, na tofauti hiyo imebaki. Neno hela latokana na Heller, sarafu iliyowekwa mwaka 1904 badala ya pesa. Rupia moja ilikuwa hela 100, ambapo zamani ilikuwa pesa 64. Sarafu imekwisha kupotea, na neno limepanuka likawa na maana ya fedha kwa jumla. Yafaa kuangalia kwamba maneno yote mawili yaliingia kwa njia ya jambo lililomgusa kila mtu, yaani mtoto wake na kodi yake, wala si kwa njia ya darasa la Kijerumani.

Lakini kilichobaki kikubwa zaidi si maneno, bali ni mpango. Waingereza walikuta makarani, majumbe na walimu waliozoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na waliweza kuendesha kazi juu ya msingi huo. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 viliukuta msingi huo umekwisha kuwekwa. Kadhalika waliukuta mpango wa ngazi mbili: Kiswahili chini, lugha ya Ulaya juu. Walichofanya ni kukiweka Kiingereza katika kiti kilichoachwa na Kijerumani, nao walikipanua kiti hicho. Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki katika shule za sekondari, mpaka uliopita katikati ya elimu ulikuwa mahali pale pale ulipokuwa Tanga wakati wa Blank. Wale wanaobishana juu ya lugha ya kufundishia wafaa kujua umri wa mpaka huo, na kwamba haukuwekwa kwanza kwa ajili ya faida ya mwanafunzi.

Hapana haja ya kuwashukuru Wajerumani kwa makuzi ya Kiswahili kana kwamba yalikuwa zawadi. Waliokikuza ni walimu waliotoka Tanga kwenda bara, waandishi wa Kiongozi, makarani na majumbe walioandikiana, na wale waliowafundisha Wajerumani wenyewe huko Berlin. Hao walipokea lugha iliyokusudiwa iwe ukuta, wakaifanya njia ya kupashana habari wao kwa wao. Kijerumani nacho kimerudi Afrika ya Mashariki kwa namna nyingine kabisa. Kenya, ambayo haikutawaliwa na Wajerumani, hukifundisha kama somo la hiari katika shule za sekondari na katika vyuo vikuu, na hujifunza yule atakaye, kwa sababu zake mwenyewe. Hayo ndiyo masharti ambayo lugha ya kigeni yapaswa kufundishwa, nayo ndiyo ambayo mwanafunzi wa Tanga hakupewa: achague mwenyewe kujifunza, na akiisha kujifunza asikizwe.